Uzito haukuandikwa: tuwafute au tuwajazie wastani?

SWALI: Shikamoo Mama Takwimu. Mimi ni karani wa takwimu kwenye kliniki ya CTC, yaani ya tiba na matunzo ya wenye VVU. Mwanafunzi wa uzamili ameomba takwimu zetu. Anachunguza vifo katika mwaka wa kwanza wa ARV. Safu ya uzito ina mapengo mengi, na wagonjwa wengine ni watoro, hawakurudi tena. Yeye anataka kuwafuta wote wenye mapengo. Mwenzangu anasema tuwajazie wastani. Nani yuko sahihi?
Karani, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna hata mmoja. Kabla hawajagusa kompyuta, toa kabatini kadi kadhaa za CTC2, zile za kuandikia kila hudhurio la mgonjwa, zenye pengo la uzito, uangalie safu ya hali ya mgonjwa: anafanya kazi, anatembea au amelala. Nimekaa kliniki miaka mingi, najua utakachokuta. Aliyeletwa amebebwa na shemeji zake hasimami kwenye mizani. Nesi anahangaika na dripu, na uzito unabaki wazi. Ukimfuta huyo umefuta mahututi kuliko wote, na vifo vitaonekana vichache. Ukimpa wastani, umemnenepesha kwa kalamu.

Mapengo ya wiki ambayo mizani iliharibika ni habari nyingine. Hayo yalimpata kila aliyefika, mwenye nafuu na mahututi. Yanapunguza idadi tu.

Pengo la aliyelala linakisika, maana kadi ina mengine yanayomweleza. Donald Rubin, mtakwimu wa Marekani, ndiye aliyeanzisha njia yake: kompyuta inakisia uzito kutokana na hali ya mgonjwa, hatua ya ugonjwa na uzito wa mahudhurio mengine, na inarudia mara nyingi, tuseme 20, kila mara kisio likitofautiana kidogo. Kisha majibu yote yanaunganishwa. Tofauti za makisio hayo zinaonyesha ukubwa wa mashaka yetu. Wastani mmoja uliobandikwa kila mahali unayaficha.

Watoro ndio kazi. Hapo hakuna kompyuta itakayokuambia kama mtu amehamia kliniki nyingine kimyakimya au amezikwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa kliniki ya Mbarara, Uganda, iliyokuwa na wagonjwa 3,628 wa ARV, na 829 kati yao hawakujulikana walipo. Watafiti hawakuwafuata wote. Walichagua 128, wakatuma mtu hadi majumbani. Habari za 111 zilipatikana, na 32 walikuwa wamekwisha kufariki. Kwa rejista peke yake, vifo vya mwaka wa kwanza vilikuwa asilimia 1.7. Walipoingiza majibu ya waliofuatwa, vikapanda hadi 7.5. Ingekuwa ni mwanafunzi wako, angeandika 1.7 na kupigiwa makofi.

Nanyi chagueni watoro wachache kwa bahati nasibu, wala msichukue wale tu ambao simu zao zinaita. Ombeni kibali cha maadili kwanza. Kisha mpeni WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayeshauri wenzake, nauli ya bodaboda, na akifika asiseme mbele ya majirani ametoka wapi.

Na wewe karani, pasipo uzito usiandike 0. Nimewahi kuona rejista yenye watu wazima wa kilo sifuri, na programu ikawajumlisha bila kuguna.