Mkataba wa mwezi au wa mwaka kwa mwenye kampuni changa

Umeuliza, kaka, umuuzie mwenye kampuni changa programu yako ya hesabu kwa mkataba wa mwezi au wa mwaka. Wa mwezi, usianze na wa mwaka. Mwenye kampuni changa huhesabu pesa zake kwa miezi iliyobaki kabla hazijamwishia, kwa hivyo ukimdai miezi 12 mbele anaona unamfunga, hata kama programu yako ya hesabu ni nzuri vipi. Nimeuza huduma kama hizo Nyali na mjini Mombasa miaka kadhaa. Wateja waliodumu nami ni wale nilioanza nao kwa mwezi mmoja, nikawapigia wiki ya pili kuuliza wapi wamekwama, si kuuliza wataongeza nini. Mmoja nilimwambia wazi hahitaji kifurushi kikubwa, Excel yamtosha kwa sasa. Alirudi mwenyewe baada ya miezi minane, na wenzake wawili nyuma yake.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hulipuuza: mpe ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya) siku hiyo hiyo anayolipa. Tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa. Ukimzungusha hapo, imani imekwisha, hata umpelekee kahawa na halua kila Ijumaa.

Ila kama amepata mwekezaji juzi na pesa ziko benki, mwulize. Baadhi yao hupenda wenyewe kulipa mwaka mzima wapunguziwe bei.