Mbegu za mzabibu mwitu hazijafa, zinasubiri baridi

Ndugu yetu wa Ipuli, Tabora, ameeleza kwamba mbegu za mzabibu mwitu alizoletewa kutoka Kanada amezisia kwenye kopo tangu mvua za Novemba, akazimwagilia kila jioni, na hadi sasa mwanzoni mwa Februari haijachomoza hata moja. Anauliza kama zimekufa na kama azitupe. Ninamwomba asizitupe. Mimi ninaotesha mbegu za aina hiyo hapa Ujiji, na kwa maelezo aliyotoa ninaamini kwamba nyingi bado ni nzima. Zimekosa kitu kimoja ambacho udongo wa Tabora hauwezi kuzipa.

Mzabibu huo, ambao wataalamu huuita Vitis riparia, huota wenyewe kandokando ya mito ya Kanada na Marekani. Matunda yake huiva majira ya joto yakielekea kuisha, huanguka au huliwa na ndege, na mbegu hukaa ardhini muda wote wa baridi kali na theluji. Kama mbegu ingeota mara tu ilipoanguka, mche wake ungeuawa na barafu, na ndiyo sababu imeumbwa ibaki imelala mpaka iwe imekaa katika baridi yenye unyevu kwa miezi kadhaa. Usiku wa Juni na Julai hapo Tabora ni wa kuvaa sweta, lakini baridi hiyo haitoshi, kwa kuwa mbegu inataka nyuzijoto 1 hadi 5 za Selsiasi kwa takriban siku 90. Kwetu sisi baridi ya namna hiyo inapatikana ndani ya friji tu.

Kwanza zifukue, uzioshe kwa kuzisugua kati ya viganja hadi utelezi wote utoke, kwa sababu mabaki ya nyama ya tunda huzuia uotaji na hualika ukungu. Zitie kwenye bakuli la maji: zinazoelea kwa kawaida ni tupu, zinazozama ndizo za kuhifadhi. Kisha itoe sadaka mbegu moja uikate kwa wembe. Ukiona ndani ni nyeupe na imara, zilizobaki zina matumaini. Ukiona rangi ya kahawia, ulaini au uwazi mtupu, kata nyingine kabla ya kukata tamaa.

Mchanga ndio unaoamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Mimi huchota mchanga wa ziwani, nikauosha mpaka maji yatoke safi, nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu ili kuua vimelea vya ukungu, halafu nikauacha upoe kabisa. Unapoulowesha, ufinyange kwa ngumi: ukishikana kama tonge bila kudondosha hata tone moja la maji, hapo umefika. Ukidondosha, mbegu zitaoza. Ukimeguka papo hapo, zitakauka, na mbegu kavu haipati faida yoyote kutokana na baridi hata ikikaa friji mwaka mzima. Changanya mbegu na mchanga huo katika kopo la plastiki lenye kifuniko, andika tarehe juu yake, na uliweke rafu ya chini karibu na mboga. Kamwe usiliweke kwenye friza. Kila baada ya wiki mbili hivi lifungue lipate hewa, ukague unyevu, na ukiona ukungu, zioshe mbegu na ubadilishe mchanga.

Wengi huhofia kukatika kwa umeme. Saa chache za giza si tatizo iwapo mlango wa friji haufunguliwi ovyo, na umeme ukikatika mara kwa mara ongeza wiki mbili au tatu mwishoni. Mbegu iliyokaa zaidi ya muda haidhuriki. Iliyotolewa mapema ndiyo inayokataa kuota.

Ukizitia friji sasa, utazitoa mwezi Mei, nami napenda msimu huo kwa kuwa mvua zimekoma na magonjwa ya kitaluni yamepungua. Zisie katika viriba vyenye mchanganyiko wa mchanga na mboji iliyoiva vizuri, kina cha sentimita moja, na uviweke mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 30. Kwa Tabora ya Juni, hiyo ina maana ya kuviingiza ndani usiku na kuviegesha kwenye ukuta unaopigwa na jua mchana. Mbegu hazitaota siku moja. Nyingine hutoka baada ya wiki mbili, nyingine baada ya mwezi na zaidi. Mzizi mweupe hutokea kwenye ncha iliyochongoka, kisha shina hujikunja na kuinua majani mawili ya kwanza ambayo ni laini ukingoni, bila meno. Wakati mwingine ganda hubaki limeyabana majani hayo. Usilivute, lilowanishe jioni litaanguka lenyewe. Mwagilia kwa kuweka viriba ndani ya beseni lenye maji kidogo, kwani maji ya kumiminwa juu huozesha shina changa pale linapogusana na udongo.

Usishangae pia kuuona mche hauna vile vikono vya kushikia mti. Mzabibu uliotokana na mbegu huanza kuvitoa baada ya majani kama sita hadi kumi.

Sasa lipo jambo ambalo sijaona likizungumzwa hapa, nalo ni zito kuliko friji. Mzabibu huu hupima urefu wa mchana. Kwao, mchana ukipungua kufikia takriban saa 13, hujua kwamba baridi inakuja, husimamisha ukuaji na kuanza kulala. Sisi tupo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na hata Desemba mchana wetu haufiki saa 12 na nusu. Mche ulioota vizuri unaweza kusimama ghafla ukiwa mfupi, ncha yake ikakauka, na mwenye nao akadhani umeugua au una kiu. Dawa yake ni taa: mimi huiwasha balbu juu ya miche barazani tangu magharibi hadi saa 4 usiku, na miche iliyo chini yake huendelea kurefuka wakati mingine imegoma. Bila taa, usiizidishie mbolea wala maji, maana mmea uliolala hauvitumii.

Kuhusu matunda, naomba tuambiane ukweli. Mzabibu mwitu una mimea dume na mimea jike, na huwezi kuitofautisha mpaka itoe maua, jambo litakalochukua miaka kadhaa. Kwa hiyo tunza miche mingi kadiri uwezavyo. Anayetaka zabibu za kula au za kuuza atafute vipando vya mashina kutoka Dodoma, ambako wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka, kwani kipando hufuata mama yake na mbegu haifuati. Na wanaopanga kuagiza mbegu nje ya nchi waanzie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kupata kibali.

Uliuliza mwishoni kama zabibu pori za miombo ya Sikonge nazo zipitishwe friji. Hizo ni za ukoo mmoja na mzabibu lakini ni jamii nyingine, zimezaliwa katika joto, na baridi ya theluji si sehemu ya maisha yao. Zioshe zikiwa mbichi, uzihifadhi kivulini, na uzisie mvua za kwanza zinapoanza.