Maswali ya Wasomaji: Je, Wakristo wa kwanza walihesabu mwaka wa mwisho?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Huku Mwanga, Kigoma, amekuja mhubiri anayetaja mwaka wa mwisho wa dunia kwa hesabu za Danieli na Ufunuo. Kijana wa jumuiya yetu ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mtumbwi na karabai zake. Mhubiri anasema Wakristo wote wa kwanza walihesabu hivyo. Ni kweli?

JIBU: Milele amina. Kwanza kijana asiuze mtumbwi. Waliohesabu walikuwepo, ila si wote, na hesabu zao hazikutimia.

Chukueni hesabu ya Hipoliti wa Roma, mwalimu wa Kanisa aliyefafanua kitabu cha Danieli mwanzoni mwa miaka ya 200. Fungueni Kutoka 25:10: sanduku la agano lina urefu wa dhiraa 2 na nusu, upana 1 na nusu, kimo 1 na nusu. Jumla ni 5 na nusu. Kwake hiyo ni miaka 5,500 tangu Adamu hadi Kristo. Siku sita za uumbaji, kila moja miaka 1,000, zikampa 6,000. Ikabaki 500, yaani mwisho ungefika karibu na mwaka 500. Tumtendee haki: alitaka kuwatuliza waliodhani mwisho ni kesho.

Kosa liko wapi? Andiko linapima mbao, halipimi miaka. Tena mtazame Mwanzo 5:3. Biblia yetu inasema Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 130; tafsiri ya Kigiriki waliyoitumia Wakristo wa wakati huo inasema 230. Tofauti hizo zikirudiwa kizazi hadi kizazi, jumla inapishana kwa zaidi ya miaka elfu. Mwombeni mhubiri aandike hesabu yake kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na kila tarakimu aioneshe aya yake.

Hipoliti huyohuyo anasimulia habari za kiongozi wa kanisa huko Ponto, katika Uturuki ya leo, aliyeota ndoto akatangaza hukumu ndani ya mwaka mmoja. Waumini waliacha mashamba na kuuza mali. Mwaka ukapita, wakabaki ombaomba. Mwonesheni kijana habari hiyo.

Kuhusu ile miaka elfu ya Ufunuo 20, ambayo watakatifu watatawala pamoja na Kristo, Yustino, mwalimu Mkristo wa miaka ya 100, aliitarajia itimie Yerusalemu, lakini alikiri kwamba Wakristo wengi wa imani safi hawakukubaliana naye. Huko Arsinoe, Misri, katikati ya miaka ya 200, Askofu Dionisi wa Aleksandria aliketi na wanavijiji siku tatu, asubuhi hadi jioni, wakijadili jambo hilohilo hadi mwalimu wao Korakion akabadili msimamo. Hakuna aliyetukanwa. Baadaye Askofu Augustino alifundisha kwamba miaka elfu ni wakati huu wa Kanisa, na wengi wakamfuata.

SWALI: Je, walijua 666, ile namba ya mnyama katika Ufunuo 13:18, ni jina la nani? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Walijaribu. Kwa Kigiriki kila herufi ni namba. Askofu Ireneo wa Lyon, karibu mwaka 180, alilipima jina Lateinos, yaani Mlatini: 30+1+300+5+10+50+70+200 = 666. Akapima Teitan: 300+5+10+300+1+50, nalo likafika 666. Kwa kuwa majina mengi yanatoshea, alikataa kutangaza lolote. Alisema ni salama zaidi kungoja unabii utimie. Alijua pia nakala zenye 616, akaziona ni makosa ya wanakili.