Ndugu yako amelazwa? Ulizia huduma hizi mapema

Ndugu yako akilazwa hospitali ya serikali, kitanda kikishapatikana na dripu ikishaning'inizwa, ulizia iko wapi ofisi ya Ustawi wa Jamii, inayowashughulikia wasiomudu bili. Fanya hivyo siku ileile, hata kama mfukoni bado kuna hela. Wengi huisikia ofisi hii siku ya ruhusa: bili imeshatoka, mgonjwa ameshavaa nguo za nyumbani, na ndugu wamejaa kwenye korido wakipigiana simu za michango. Hata hapo watakusikiliza, lakini maafisa wanahitaji muda wa kukuhoji na kuhakiki maelezo yako.

Hapa Tanzania, uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, uliwekewa na utaratibu wa msamaha. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo kwenye makundi ya msamaha. Asiyekuwa kwenye kundi lolote lakini hali yake ni ngumu naye anaweza kuombewa msamaha huo, au kupangiwa kulipa kwa awamu. Beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji pamoja na kitambulisho cha mgonjwa.

Mama yetu alipopata kiharusi, mimi na mdogo wangu tulikaa mbele ya afisa mmoja wa ofisi hiyo, dada mtaratibu sana. Alituuliza nani analisha nyumba, tunapanga au tunaishi kwetu, mama alikuwa anauza nini kabla hajaugua. Maswali yale yalimchoma mdogo wangu, akawa anajibu huku ameinamisha kichwa. Dada akaweka kalamu mezani, akamwambia, "Mdogo wangu, hapa huombi sadaka. Nieleze tu, nimwandike mama." Tulitoka na makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, na vipimo vya mama havikusimama. Namwombea heri hadi leo.

Huduma nyingine ya kuulizia mapema ni mazoezi tiba. Mgonjwa wa kiharusi, aliyevunjika nyonga, au yeyote anayelala muda mrefu, huanza kuharibikiwa palepale kitandani. Ngozi ya kiunoni, makalioni na visiginoni inachubuka, na viungo vinakakamaa. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe takribani kila baada ya saa 2, na usiku wauguzi ni wachache kwa wodi nzima. Kwa hiyo jifunze. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, aliniita: "Njoo mwanangu, uone." Akakunja khanga mara mbili, akaipitisha chini ya mama kuanzia mabegani hadi mapajani. Yeye akashika pindo za upande wake, mimi za upande wangu, tukamnyanyua kidogo na kumgeuza pamoja, ngozi yake isiburuzwe kwenye shuka. Mto mmoja ukawekwa mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Kila nikipita wodi yoyote na kumwona mtu amelala chali tangu asubuhi, natamani muuguzi yule angekuwepo.

Kwenye chakula, upendo wetu unaweza kumdhuru mgonjwa. Tunakuja na chupa ya uji, supu ya kuku, juisi ya parachichi, tunataka ale mbele yetu. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa hata na maji matupu, yakaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Kabla hujamnywesha chochote, muulize muuguzi kama amepimwa uwezo wa kumeza. Akiwa na mpira wa kulishia wa puani, omba mtaalamu wa lishe akueleze apewe nini na kiasi gani, na muuguzi akuonyeshe namna ya kumlisha. Wakati wa kulishwa mgonjwa ainuliwe mgongo na kichwa, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kula. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo naye ana chakula chake, kwa hiyo usitegemee ushauri wa kitanda cha jirani.

Mwenye kadi ya bima ya afya ya NHIF aulize mapema dawa au kipimo kipi hakimo kwenye kifurushi chake. Damu haiuzwi, ingawa ndugu wataombwa kuchangia. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Ukidaiwa hela ya damu pembeni, peleka taarifa. Kwa familia zinazotoka mikoani na mtoto mwenye saratani, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna shirika la Tumaini la Maisha linalosaidia matibabu na malazi. Muulize muuguzi wa wodi ya watoto. Padri, mchungaji au shekhe pia anaruhusiwa kumwona mgonjwa. Mwambie mkuu wa wodi ili apangiwe muda usiogongana na raundi ya madaktari.

Usipopata msaada, anza na mkuu wa wodi, kisha dawati la huduma kwa wateja. Eleza jambo moja kwa wakati, taja jina la mgonjwa na namba ya kitanda. Naamini sana katika kuuliza kwa heshima na kurudi tena kesho kuuliza lilelile.

Siku ya ruhusa, msiondoke na dawa tu. Hakikisha karatasi ya ruhusa inasomeka, ina tarehe ya kliniki na majina ya dawa za kuendelea nazo. Mtaalamu wa mazoezi awaonyeshe mazoezi ya nyumbani, na ndugu atakayebaki na mgonjwa ayafanye mbele yake. Kisha mwombe awaandikie rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya iliyo karibu nanyi, maana kumbeba mgonjwa wa kiharusi kwa bajaji hadi mjini kila wiki kunawashinda wengi, na mazoezi yanaishia hapo.