Ushahidi na uthibitisho

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, niko Tanga. Huwa nasoma tafiti mpya kwenye PubMed, kisha nawaandikia wenzangu wodini muhtasari wa Kiswahili. Juzi niliandika: "PubMed imethibitisha kwamba dawa hii hushusha shinikizo la damu." Daktari wetu akasema sentensi hiyo ina makosa matatu, ila hakuwa na muda wa kunieleza. Ni yapi?

JIBU: Marahaba. Nami nayaona matatu.

La kwanza ni kiima. PubMed haithibitishi jambo lolote. Ni orodha ya kutafutia makala, inatunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na iko wazi bure kwa umma tangu 1997. Humo mna rekodi zaidi ya milioni 30, za makala nzuri na mbovu. Ile makala ya 1998 katika jarida la Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilibatilishwa na jarida lenyewe 2010, lakini ukiitafuta PubMed bado utaikuta, na tangazo la kubatilishwa limewekwa juu yake. Kwa hiyo anayesema ni watafiti, si orodha. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ni tofauti: wao hukusanya tafiti za swali moja, wakazipima ubora na kutoa hitimisho lao, hivyo "mapitio ya Cochrane yamehitimisha" ni sawa kabisa.

La pili ni "imethibitisha", na hili ndilo linalonisumbua zaidi, maana limeenea hadi redioni. Ushahidi ni kile alicholeta shahidi. Mahakamani shahidi anaweza kuwa mkweli, akawa amekosea, au akapingwa na mwenzake. Anachosema kinabaki kuitwa ushahidi, dhaifu au mzito. Kuthibitisha kunatokana na thabiti: jambo limesimama, halitikisiki. Utafiti mmoja ni shahidi mmoja. Kiswahili kimetupa vitenzi vya kupanda ngazi: unadokeza, unaashiria, unaonyesha. "Umethibitisha" uwekee akiba siku mashahidi wengi wazuri watakapokubaliana. Na utafiti ukikuta mambo mawili yanaandamana tu, sema "yanahusiana". "Yanasababisha" ni dai jingine.

La tatu ni dogo kwa macho: hu-. Kiambishi hiki kinalifanya jambo kuwa desturi, la siku zote na la watu wote. Watafiti hawakupima watu wote. Chukua jaribio lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yake yakachapishwa 2011. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali, ambao damu yao ilikuwa haizunguki vizuri, walipangwa kwa bahati nasibu: wengine wapewe maji mengi ya dripu kwa haraka, kama miongozo ya kimataifa ilivyoshauri, wengine wasipewe. Ndani ya saa 48, karibu watoto 11 katika kila 100 waliopewa walifariki. Kwa wale ambao hawakupewa, 7. Matokeo hayo yaliwashangaza hata waliolifanya jaribio. Sasa mtu akiandika "maji ya haraka huua watoto", amepotosha, na upotoshaji huo unaweza kuua, kwa kuwa watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuwamo katika jaribio lile, na huenda wakanyimwa maji wanayoyahitaji. Angeandika "watoto waliopewa maji ya haraka katika jaribio hilo walifariki kwa wingi zaidi", asingemdanganya mtu. Wakati uliopita unakufunga kwa wale waliopimwa, na kirejeshi "waliopewa" kinasema ni akina nani. Kwa vile Kiswahili hakina neno kama "the" la Kiingereza la kutenga "watoto" kwa jumla na watoto fulani, kazi hiyo ni ya kirejeshi na -li-. Ukiviacha, msomaji atadhani ni watoto wote.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Watafiti wameripoti kwamba dawa hii ilishusha shinikizo la damu la watu wazima walioshiriki, wakilinganishwa na waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani." Mwishoni ongeza walikuwa wangapi, na shinikizo lilishuka kwa kiasi gani. Jina la jarida na mwaka viweke hapo hapo, ili mwenzako wa zamu ya usiku akitaka kuitafuta makala PubMed, aipate.