Ukianza kusikiliza raga, anza na tanpura

Wengi wetu wa pwani tumeujua muziki wa Kihindi kupitia filamu, na tabla tumeizoea katika taarabu ya Mombasa. Hivyo tunapofika kwenye muziki wa kiklasiki wa India tunatazamia wimbo wenye beti na kiitikio. Mimi pia nilitazamia hivyo, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiiruka sehemu ya mwanzo ili nifike pale tabla inapoingia. Nilipoteza mengi, kwa maana sehemu hiyo, iitwayo alapu, ndiyo inayoifungua raga, yaani utaratibu wa sauti ambao muziki huo hujengwa juu yake, sauti kwa sauti, bila mapigo ya kuhesabika.

Kwanza itafute tanpura. Ni ala ambayo kwa kawaida ina nyaya nne, haipigi wimbo wowote, kazi yake ni kuishikilia sauti ya msingi, sa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kati ya kila waya na daraja lake, kile kibao kinachoinua nyaya, hupitishwa uzi mwembamba wa pamba, na mpigaji akiusogeza kidogo tu, sauti iliyokuwa kavu huanza kuvuma kama nyuki. Kila anachoimba mwimbaji hupimwa kwa sa hiyo, na asiyeisikia ataona raga zote zinafanana.

Kisha chagua raga moja ukae nayo kwa majuma. Bhupali ya kaskazini inafaa, kwa kuwa ina sauti tano tu: sa, re, ga, pa na dha. Hata hivyo Deshkar ina sauti hizo hizo. Tofauti ni kwamba Bhupali, raga ya mwanzo wa usiku, huegemea ga, ilhali Deshkar, ya asubuhi, huegemea dha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba raga si orodha ya sauti, bali ni mwenendo wake.

Mapigo nayo yahesabu kwa mkono. Katika tintali, mzunguko wa mapigo 16 wa kaskazini, piga kofi katika pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 geuza kiganja juu kimya. Kusini, katika muziki wa Karnatiki, ambako kriti, yaani nyimbo, za mtunzi Tyagaraja (1767–1847) huimbwa hadi leo, mzunguko uitwao adi tala una mapigo 8: kofi, vidole vitatu kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho, kisha kofi na kugeuza kiganja, mara mbili. Katika kumbi za jiji la Chennai utawaona wasikilizaji wakihesabu hivyo mapajani mwao, nawe usione haya kuhesabu pamoja nao.