Breki zilizama tukishuka Soni: je, gari dogo litamudu Hifadhi ya Arusha?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Tuna Toyota IST ya 1300, otomatiki, mimi na mume wangu tunapokezana usukani. Tulipokuwa tunateremka kutoka Lushoto, pale Soni breki zilianza kunuka, na kabla ya kufika Mombo pedali ikawa laini, inazama karibu iguse sakafu. Tulisimama nusu saa, ikarudi kuwa ngumu kama kawaida. Fundi wa mtaani kafungua magurudumu, kasema brekipedi bado nene, hana anachokiona. Sasa tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, watu 5, tuzungukie kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella kwa gari letu. Litatufaa, au tukodi 4x4? – Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Waaleikumu salaam, dada. Litawafaa kwa sehemu kubwa ya mzunguko, ila lisitoke Tanga kabla ya kubadilishwa mafuta ya breki. Fundi wenu kasema kweli, pedi hazina kosa. Kilichochemka ni mafuta.

Kutoka Lushoto hadi Mombo gari linashuka kama mita 1,000 katika kilomita 30 na ushei. IST yenye watu 5 na mizigo yao ina uzito wa takriban kilo 1,400. Uzito huo ukiuteremsha kwa breki peke yake, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha lita 40 za maji ya bomba, nalo lote linaishia kwenye diski, pedi na ngoma za nyuma. Mafuta ya DOT 3 (daraja la kawaida la mafuta ya breki) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na kwa gari linalolala kando ya bahari kama Tanga unyevu haukosekani. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3 hadi 4, kiwango chake kinashuka hadi nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu unazama na gari halisimami. Likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedali inakaza tena. Ndiyo maana fundi aliyeliangalia likiwa limepoa hakuona kitu.

Nunueni lita 1 ya DOT 3 au DOT 4, kopo ambalo halijafunguliwa, kwa kufuata maandishi ya kifuniko cha kijaruba cha breki (kile kichupa cha mafuta ya breki kwenye boneti). DOT 4 inastahimili joto zaidi (nyuzi 230 ikiwa mpya) na inachanganyika na DOT 3. DOT 5 ni ya silikoni, msiitie kabisa. Fundi anyonye mafuta ya zamani kwenye kijaruba, ajaze mapya, kisha atoe upepo gurudumu moja moja akianzia la mbali na masta silinda (pampu kuu ya breki), ambalo kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, hadi yatoke masafi bila mapovu. Kijaruba kisikauke katikati ya kazi. Kikikauka hewa inaingia na anaanza upya. Akiwa hapo hapo achomoe pini za kaliper (kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski). Chumvi ya bahari huzigandisha, pedi moja ikabaki inasugua diski hata mguu ukiwa umetoka, na gurudumu hilo ndilo linalochemka la kwanza. Pini zipakwe grisi ya breki, si grisi ya bearingi, maana hiyo huvimbisha raba. Pedi iliyobaki milimita 3, badilisheni.

Nusu ya pili ya tatizo ni uendeshaji. Ukiwa kwenye D, otomatiki hupanda gia kubwa na kuiachia breki kazi yote. Kabla mteremko haujaanza, zimeni O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa). Ukiwa mkali wekeni 2, na penye kona za kukunja wekeni L. Injini itanguruma kwenye mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika, msiogope. Wala haili mafuta: mguu ukiwa nje ya aksereta, injini ya sindano (inayopuliziwa petroli kwa umeme, isiyo na kabureta) hukata petroli mteremkoni. Breki kanyageni kwa nguvu sekunde chache, mwendo upungue, kisha achieni ipoe. Kuishikilia kidogo kidogo njia nzima ndiko kulikowaponza. Nyutro ni marufuku. Na ikitokea pedali imezama tena, pigeni pampu ya haraka haraka, shusheni gia hadi L, vuteni hendibreki taratibu. Mkishasimama wekeni jiwe mbele ya tairi, upande wa mteremko, na msiimwagie maji diski ya moto, itapinda.

Sasa safari yenyewe. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi hadi Usa River ni kama kilomita 400, lami tupu. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, na penye vijiji mwendo ni 50. Laleni Usa River na jazeni tangi hapo, maana ndani ya hifadhi hakuna kituo. Kule mtakuwa kwenye mita 1,500 na zaidi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mkiona gari limekuwa zito mlimani, si ugonjwa.

Ingieni lango la Ngongongare asubuhi na mapema, mara linapofunguliwa. Mlima Meru, mita 4,562, huwa wazi asubuhi. Mawingu yakishakaa mtaishia kuona misitu tu. Baada ya lango kuna uwanda wa Serengeti Ndogo, wenye twiga, pundamilia na nyati. Njia panda ya mbele, kulia ni Ngurdoto. Anzeni huko injini ikiwa na ubaridi: barabara inapanda kwa ukali ndani ya msitu wa mbega hadi ukingoni mwa kreta, yenye upana wa zaidi ya kilomita 3. Kushuka chini kwenye kreta hairuhusiwi, si kwa gari si kwa miguu. Kurudi ni L mwanzo mwisho. Kama mvua imenyesha usiku, iacheni sehemu hii. Udongo wa volkeno ukilowa huteleza kama mlenda, na gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele halipandi. Machi hadi Mei msijaribu kabisa.

Maziwa ya Momella hayana shida kwa IST wakati wa kiangazi, mradi mwende kilomita 20 kwa saa penye mawe. Mimi ningeyapa saa tatu nzima. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina kiasi chake cha madini na mwani wake, ndiyo maana rangi zinatofautiana ilhali yamepakana. Heroe hufuata mwani huo, kwa hiyo ziwa lisilo na ndege leo si kwamba mmechelewa. Angalieni la pili.

Njia ya kupanda Meru, inayopita chini ya tao la mkuyu kwenda Kitoto (mahali pa kutazamia mandhari), iachieni 4x4 yenye gia nzito. Mkiitaka sana, kodini gari kwa siku hiyo moja tu badala ya safari nzima.

Langoni hawapokei pesa taslimu: mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au kadi. Chukueni vitambulisho vya NIDA ili mtozwe kiwango cha Mtanzania. Mwendo wa juu ndani ni 50, na saa 12 jioni muwe mmetoka. Nyati akisimama barabarani, zimeni redio, injini iache inanguruma, msipige honi, msubirini apite.